Uteuzi wa Njeo na Hali katika Maswali ya Hojaji za Afya: Viambishi -na-, -me- na -li- katika Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi

Sarufi nyingi zinazotumika shuleni hueleza kwamba kiambishi -na- huonyesha wakati uliopo, -li- wakati uliopita, na -me- hali timilifu. Maelezo haya humtosha mwanafunzi anayeanza, lakini hayamtoshi mtu anayelazimika kuchagua kiambishi kimojawapo pale ambapo uteuzi wake utabadili jibu atakalopewa. Makala haya yanachunguza uteuzi huo kwa kutumia maswali ya aina inayoulizwa katika hojaji za afya. Hoja inayotetewa ni kwamba kinachotenganisha -me- na -li- si umbali wa tukio kutoka wakati wa kusema, bali ni kudumu au kutodumu kwa hali iliyotokana na tukio hilo.

Bonde la Kilombero linafaa kwa uchunguzi huu. Mjini Ifakara, maabara ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa juhudi za Mswisi Rudolf Geigy ilikua hadi kuwa taasisi ambayo tangu mwaka 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1996 ulianzishwa ufuatiliaji wa kaya katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Katika kazi ya namna hiyo Kiswahili huwa kiungo baina ya mhoji na wakazi, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Kindamba, Kipogoro, Kimbunga au nyinginezo. Mifano inayofuata imetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Haikutolewa katika hojaji yoyote.

2.0 Umbali wa Wakati si Kigezo

Lugha kadhaa za Kibantu, Kikuyu na Kiganda zikiwamo, hutenganisha wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali kwa maumbo tofauti ya kitenzi. Nje ya Kibantu, Kihispania cha Hispania kwa kawaida hutumia umbo la timilifu kwa tukio la leo (he llegado, 'nimefika'), na umbo la wakati uliopita kwa tukio la jana (llegué, 'nilifika'). Katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini umbo hili la pili hutumika hata kwa tukio la leo. Kiswahili hakifuati mpaka wa siku:

(1) a. Muuguzi amefika jana.
    b. Muuguzi alifika leo asubuhi, akaondoka.

Sentensi (1a) hukubalika katika mazungumzo iwapo muuguzi bado yupo, ingawa alifika jana. Katika (1b) tukio ni la leo, lakini -li- ndiyo inayofaa kwa kuwa matokeo ya kufika yamekwisha. Vivyo hivyo, anayesema Mto umefurika anamwonya msikilizaji asijaribu kuvuka. Anayesema Mto ulifurika anasimulia tu. Mtazamo huu unaafikiana na wa Comrie (1976), anayeiona hali timilifu kuwa ni uhusiano kati ya hali iliyopo na tukio lililoitangulia.

3.0 Vitenzi vya Kuingia katika Hali

Vitenzi kama lala, kaa, simama, choka na vimba hutaja kuingia katika hali fulani. Vikiambatana na -me-, huonyesha hali iliyopo wakati wa kusema:

(2) a. Mtoto analala ndani ya chandarua.
    b. Mtoto amelala ndani ya chandarua.
    c. Mtoto alilala ndani ya chandarua.

Kwa mtazamo wa sarufi ya shule, (2a) ndiyo ya wakati uliopo. Hata hivyo, mtu akiulizwa mtoto anafanya nini sasa hivi, jibu la kawaida ni (2b). Sentensi (2a) aghalabu hueleweka kuwa inataja mazoea, yaani mahali mtoto anapolala kila siku. Sentensi (2c) inataja usiku mmoja uliopita. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kupima matumizi ya chandarua usiku uliotangulia hana budi kuuliza: Je, usiku wa kuamkia leo mtoto alilala ndani ya chandarua? Akitumia analala, mama anaweza kujibu ndiyo kwa ukweli kabisa, ilhali usiku huo chandarua kilikuwa kimefuliwa na hakikutundikwa.

4.0 Homa na Chanjo

Kitenzi peke yake hakitoshi kuamua. Yambwa yake nayo huchangia:

(3) a. Je, mtoto amepata chanjo ya surua?
    b. Je, mtoto amepata homa katika wiki mbili zilizopita?
    c. Je, mtoto alipata homa katika wiki mbili zilizopita?

Aliyepata chanjo hubaki kuwa mtu aliyechanjwa, hivyo -me- katika (3a) ni sahihi. Homa huja na kuondoka. Kielezi katika (3b) kinamrudisha msikilizaji nyuma, wakati -me- inamvuta kwenye hali ya sasa; mama ambaye mtoto wake alipona wiki iliyopita anaweza kujibu hapana. Swali (3c) halina mvutano huo, na linaweza kufuatiwa na lingine: Je, bado ana homa?

Ukanushi unathibitisha tofauti hii. Hajapata chanjo humaanisha kwamba chanjo inatarajiwa, na jibu fupi la Bado linatosha. Lakini Hajapata homa huleta dokezo kwamba homa nayo inangojewa, jambo ambalo mhoji hakulikusudia. Umbo hakupata ndilo linalokanusha tukio bila kudokeza matarajio.

5.0 Tofauti Inapofifia: Kirejeshi

Katika umbo la kirejeshi cha ndani ya kitenzi, -li- hubeba kazi zote mbili. Watoto waliolala humu wanaweza kuwa wale waliolala jana au wale ambao hivi sasa wamo usingizini. Kihispania kina utata unaofanana na huo: trabajamos ni 'tunafanya kazi' na pia 'tulifanya kazi', na muktadha ndio unaoamua. Katika Kiswahili amba- hurudisha tofauti: watoto ambao wamelala, watoto ambao walilala. Urefu wa muundo huu mara nyingi hulaumiwa na wahariri, lakini katika hojaji faida yake inazidi gharama yake.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uteuzi kati ya -na-, -me- na -li- unategemea mazoea, hali inayodumu, na tukio lililokwisha, na kwamba kalenda peke yake haiamui. Mfasiri wa hojaji anayebadilisha umbo la timilifu la lugha ya kigeni kuwa -me- kila anapolikuta anaweza kuhesabu wagonjwa wa leo akidhani amehesabu wa wiki mbili. Inafaa basi kila swali lijaribiwe kwa kulikanusha kabla halijapelekwa kijijini: iwapo jibu la Bado linaleta maana iliyokusudiwa, -me- inafaa, iwapo linashangaza, itumike -li-.