Mrehani Katika Nchi ya Baridi: Somo la Joto na Mimea

Mwanachuo aliyekulia Jangwani huujua mrehani tangu utotoni. Ameuona makoponi katika nyua za Kariakoo, na amenusa majani yake katika vikuba vya arusini, yakiwa yamefungwa pamoja na asumini. Mmea huo humea pasipo kuhangaikiwa, na kwa sababu hiyo haufai sana kumfundisha mtoto wa Dar es Salaam kwamba mimea huhitaji joto. Mtoto huyo hukariri "maji, hewa, mwanga na joto", lakini hilo la mwisho halijapata kukosekana mbele ya macho yake. Hata usiku wa Julai ni nadra joto la mji kushuka chini ya nyuzi 15 za Sentigredi.

Mwanachuo akipangiwa kufundisha Njombe au Makete, hali hugeuka. Huko, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku huwa wa baridi kali, na mahali pengine huanguka jalidi. Mrehani hudhoofika joto lipunguapo nyuzi 10, na usiku mmoja wa jalidi hutosha kuuangamiza. Basi na achukue mbegu za mrehani katika karatasi kavu, hazina uzito.

Mbegu zipandwe ndani ya nyumba, katika kopo lililotobolewa chini, lenye udongo, mchanga kidogo na samadi iliyooza. Zifunikwe kwa udongo mwembamba tu. Penye joto la nyuzi 20 na zaidi huchipua kwa muda wa juma moja hivi. Penye baridi hukawia, au huoza. Kabla ya kupanda, mbegu chache zitiwe katika kijiko cha maji: baada ya dakika chache kila moja huvaa utelezi mweupe. Watoto hulipenda jambo hilo, na mwalimu asilipite haraka.

Miche ikifikia majani sita, jaribio lianze. Hapa ndipo walimu wengi hupotoka. Huweka kopo moja nje uani na jingine jikoni karibu na mafiga, kisha huwaambia watoto kuwa tofauti imeletwa na joto. Lakini jikoni mna giza na moshi. Je, ni kipi kilichoudhoofisha mche? Mtoto mwenye akili atauliza, na ni haki yake. Afadhali makopo yote mawili yakae mchana kutwa mahali pamoja juani, yapewe maji sawa kila asubuhi. Jioni, moja liingizwe ndani, jingine libaki upenuni. Hivyo kilichotofautiana ni baridi ya usiku peke yake. Watoto wapime urefu kwa rula kila Ijumaa na kuandika pia rangi ya majani, kwani majani huanza kuwa na madoa meusi kabla kimo hakijaonyesha lolote.

Huenda mtoto akaleta kivumbasi, kile kifukuzacho mbu, akidai kuwa ndio mrehani wenyewe. Asikemewe. Ni mimea ya jamaa moja, na darasa liinuse yote miwili, lilinganishe mashina yenye pembe nne.

Mche uliosalimika ukatwe vikonyo vya maua mara vitokeapo, ili uzidi kutoa majani. Tawi likitiwa katika glasi ya maji dirishani huota mizizi, nalo litafaa kwa darasa la mwaka ufuatao.