SOMO: KUPANDA MWAMBA PAMOJA NA KIONGOZI



Wengi wanafikiri kama kupanda mwamba ni mambo ya nguvu tu: mutu mwenye mikono migumu anashika jiwe, anapanda, kazi imekwisha. Sivyo. Jambo la kwanza ambalo kiongozi anafundisha si kupanda. Ni kushika vizuri kamba ya mwenzako.

1. Kiongozi ni nani?

Ni mutu aliyejifunza kazi ya milima muda wa miaka na kushinda mitihani yake. Kazi hii ni ya zamani. Kule Chamonix, inchi ya Ufaransa, viongozi walianzisha chama chao mwaka wa 1821, kwa sababu mwaka uliotangulia watatu kati yao walikufa katika theluji ya mulima Mont Blanc. Hata kwetu, kwenye Ruwenzori, mpakani pa Kongo na Uganda, Duc wa Abruzzi, mutu wa jamaa ya mfalme wa Italia, alifika juu kabisa (metre 5.109) tarehe 18 Juni 1906. Hakufika peke yake: alikuwa pamoja na viongozi wa kijiji cha Courmayeur.

2. Anafundisha nini?

a) Fundo. Mwanafunzi anavaa mukaba wa kiuno na mapaja. Anafunga kamba kwa fundo la umbo la 8, kisha anarudisha mwisho wa kamba kufuata njia ile ile. Mwenzake anaangalia fundo lake, naye anaangalia la mwenzake. Inafanywa kila mara, hata siku ya mia, maana aliyezoea ndiye anasahau.

b) Kamba. Anayebaki chini anapitisha kamba katika chombo cha chuma kilichofungwa ku mukaba wake. Mkono wa kuzuia hauachi kamba hata kidogo. Kamba yenyewe inavutika mutu akianguka, ili pigo lisimuumize. Kamba ya mbuzi ao ya kisima haiwezi kazi hiyo.

c) Miguu. Anayeanza anajivuta kwa mikono, na upesi vidole vinachoka. Kiongozi anamwambia: tafuta pa kukanyaga, simama kwa miguu. Kati ya mikono miwili na miguu miwili, sogeza kimoja tu, vitatu vibaki.

d) Kichwa. Mawe yanaweza kuanguka. Kwa hiyo wote wanavaa kofia ngumu, hata yule anayebaki chini.

3. Juu ya nini uangalifu huu wote?

Tarehe 14 Julai 1865, watu saba walifika mara ya kwanza juu ya Matterhorn, mulima wa metre 4.478 kati ya Uswisi na Italia. Wakati wa kushuka wote walikuwa wamefungwa pamoja. Mumoja ambaye hakuzoea milima aliteleza, akamuangusha kiongozi Michel Croz, nao wakavuta wengine wawili. Kamba ikakatika. Wanne wakafa, watatu wakabaki. Na ile kamba iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko zingine walizokuwa nazo.

Tuangalie vizuri: Croz alikuwa kiongozi hodari sana, naye akafa. Basi kuwa na kiongozi hakuondoi kazi yako. Yeye anajua njia, lakini fundo lako ni lako, na maisha ya mwenzako iko mkononi mwako. Aliye dhaifu asione haya kusema: "Ngojeni, sijaelewa." Aliye na nguvu asimucheke, kwa sababu wako ku kamba moja.

Tena, ninyi vijana, musichukue somo hili na kwenda kujaribu peke yenu. Karatasi haishiki mutu anayeanguka.

MAULIZO
1. Sababu gani wawili wanaangaliana mafundo?
2. Kamba ya kupandia inapita ya kisima kwa nini?
3. Mwaka wa 1865, ni makosa gani yangeweza kuepukwa mbele ya kushuka?