MAJI YA NYUMBANI: SOMO KATIKA MAPENZI YA MUME NA MKE

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Hamdu zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu yangu Mwislamu, ya kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya Rum, Aya ya 21, ameyahesabu mapenzi ya mume na mke kuwa ni moja katika ishara zake, akayataja kwa majina mawili: mawadda na rahma. Wengi wetu twalijua lile la kwanza tu. Mawadda haihitaji mwalimu. Kijana aliye katika fungate aijua vyema. Lakini rahma, yaani huruma, huonekana pale uso ulipokunjamana, au mke aliposhikwa na homa, jiko limezimika, wala hapana wa kuteka maji. Hapo ndipo hujulikana kama mtu yule apenda, au alikuwa akipendezwa tu.

Nasi wa nchi hizi za Handeni na Korogwe tuna mtihani ulio wazi katika jambo hili, nao ni maji. Korogwe iko kando ya mto Ruvu, ndio huo uitwao Pangani. Handeni ni nchi kavu. Hata bomba kubwa lililojengwa katika miaka ya 1970 kuwapelekea watu wa Handeni maji, chanzo chake ni mto huo huo, upande wa Korogwe. Na maji ya bomba yakikatika, au yasipofika kijijini, watu hurejea kwenye malambo na visima. Ni nani aendaye? Ni wanawake na watoto, ndoo kichwani, kabla jua halijapanda. Mume huamka akayakuta maji ya udhu yamo ndani ya birika, akatawadha, akaenda kusali jamaa, wala asijiulize yametoka wapi.

Sasa sikiliza. Imam Ahmad amepokea katika Musnad yake kwa Sahaba Irbadh bin Sariya, ya kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kwamba mume ampaye mkewe maji ya kunywa hulipwa thawabu. Irbadh alikuwa mmoja wa Ahlu Suffa, mafakiri waliokaa katika msikiti wa Madina, watu wasio na dhahabu wala mashamba. Aliposikia neno hili hakungoja apate mali. Aliondoka, akaenda kwa mkewe, akampa maji.

Na mfano wake ni habari ya Saad bin Abi Waqqas, aliyeugua Makka mwaka wa 10 wa Hijra, akataka kuusia thuluthi mbili za mali yake. Mtume alimzuia asizidi thuluthi moja, kisha akamfahamisha kuwa hata tonge amtiayo mkewe kinywani, akiwa ataka radhi za Mungu, ana ujira kwayo. Tazama basi! Mtu alikuja na jambo kubwa, akarudishwa kwenye tonge. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume hufanya nini nyumbani, alijibu kuwa huwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Hakuona kuwa kazi ile yapunguza heshima yake, naye ndiye mbora wa viumbe.

Lakini kwetu mambo ni mengine. Nilimwona mtu mmoja katika kijiji cha Handeni akisukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji, mkewe akiwa mzazi ambaye arubaini yake haijatimia. Waliokaa barazani wakamcheka, wakasema, “Huyu kalishwa limbwata!” Akasimama, akawajibu, “Jamaa zangu, na hayo mnywayo ninyi yametekwa na nani?” Hapana aliyemjibu.

Ajabu ni kuwa wapo waume, na wake pia, wasafirio mbali na kutoa fedha kwa waganga ili wapate dawa ya kupendwa, na huku dumu liko tupu mlangoni. Nao uganga wa kupendekeza mume kwa mkewe, uitwao tiwala kwa Kiarabu, Ibn Masud amepokea kwa Mtume kuwa ni katika shirki. Mtu aliacha la bure lenye thawabu, akanunua la haramu!

Labda mtu atasema: mimi humtekea mke wangu maji kimya kimya, nia yangu aijua Mungu, hiyo yatosha. Ni kweli, ujira wategemea nia. Ila Irbadh hakuishia kwenye kikombe. Baada ya kumpa mkewe maji, alimhadithia na maneno aliyoyasikia kwa Mtume, naye mke akajua kwa nini amepewa maji siku ile.