Martha Naye Alipendwa

Wadogo zangu, sogeeni, leo nina neno na wenye ratiba ndefu.

Wengi mnaoniletea maswali hamjamwacha Yesu hata kidogo. Ni watu wake kabisa. Jumanne mazoezi ya kwaya, Alhamisi jumuiya, Ijumaa mkesha, Jumamosi zamu ya usafi kanisani, Jumapili ibada mbili. Katikati mna kazi, foleni, watoto, kikoba na michango ya harusi. Halafu usiku mmoja mtu anajiuliza: mbona namtumikia Yesu kila siku na bado naona kama simjui? Mdogo wangu, swali hilo ni zuri. Usilizime kwa kujiongezea kamati nyingine.

Tumtazame Martha wa Bethania, maana tumemwonea muda mrefu. Mahubiri mengi yanamkuta na shughuli zake katika Luka sura ya 10 na kumwacha hukohuko. Amemkaribisha Yesu nyumbani, anahangaika na maandalizi, na ndugu yake Mariamu ameketi miguuni pa Bwana anasikiliza. Martha anakuja na malalamiko yake: kwani huoni nilivyoachiwa kazi peke yangu? Yesu anamwita jina mara mbili, kisha anamwonyesha kinachomtesa, nacho ni fadhaa ya mambo mengi. Moyo wake ulikuwa umetawanyika huku mgeni aliyemhangaikia yuko palepale.

Lakini kuna jambo tunalipita haraka. Martha hakununa chini kwa chini. Alikwenda kwa Yesu mwenyewe akamwambia linalomchoma. Sasa mfuateni hadi Yohana sura ya 11. Lazaro, kaka wa Martha na Mariamu, yuko kaburini siku ya nne. Martha anasikia Yesu anakuja, anatoka kumpokea njiani, na Mariamu anabaki nyumbani. Hapo tena anasema lililo moyoni, kwamba Yesu angekuwepo mapema kaka yao asingekufa. Katika mazungumzo hayohayo ya msiba, Martha anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu. Ukienda sura ya 12 unamkuta kwenye karamu, bado anahudumia watu. Safari hii Yohana hatuandikii lalamiko lolote.

Kwa hiyo sikwambii uache kwaya. Nakwambia umpelekee Yesu neno la kweli, hata kama halijapambwa, kisha ukae usikie anachokujibu. Tuna sala ndefu za kuomba mbele za watu, lakini hasira juu ya wifi, wivu kwa rafiki aliyeolewa, hofu ya kodi ya nyumba, hayo tunayaficha kana kwamba yeye si wa kuambiwa. Sote tunamjua yule ndugu anayepiga simu ada za shule zikikaribia tu. Tunamsaidia, ndiyo, lakini hatuwezi kusema tunajuana naye. Usiwe ndugu wa namna hiyo kwa Bwana wako. Mwambie na habari za siku isiyo na shida. Mshukuru kwa mteja aliyelipa kwa wakati. Mwambie ulivyocheka leo.

Sasa tuje kwenye muda, maana najua mtaniuliza. Katika Marko sura ya 1, jioni mji mzima ulikuwa umejaa mlangoni pa nyumba alimokuwa Yesu, watu wakileta wagonjwa wao. Alfajiri, kukiwa bado giza, Yesu akatoka akaenda mahali pasipo na watu akaomba. Wanafunzi walipompata walimwambia kila mtu anamtafuta. Yeye akawaambia twendeni vijiji vingine. Alitoka kuzungumza na Baba yake, basi makelele ya watu hayakumpangia siku.

Wewe nawe, kabla hujafungua simu na kukuta ujumbe mia wa kundi la kamati, fungua Injili. Anza na Marko, ina sura 16 tu. Soma kisa kimoja, usikimbilie kumaliza. Jiulize: hapa Yesu anafanya nini, na mimi leo kinanigusa wapi? Kisha ongea naye juu ya hilohilo. Mama unayenyonyesha, usijihukumu kwa kushindwa kuamka saa kumi alfajiri, umekesha tayari. Sikiliza Injili kwenye simu huku mtoto yuko kifuani. Anayepanda daladala ana safari nzima ya kuombea siku yake bila kufumba macho.

Zitakuja siku utasoma usisikie kitu. Usikimbie kutafuta mkesha wenye kelele zaidi ili moyo upate moto. Mwambie tu: Bwana, leo nimekauka, nipo. Hiyo nayo ni sala.

Jambo jingine nalisema kwa upendo, ingawa litauma kidogo. Uhusiano na Yesu haupimwi madhabahuni peke yake. Katika Marko sura ya 7, Yesu aliwakemea viongozi wa dini walioruhusu watu kusema mali yao ni wakfu kwa Mungu ili wasiwajibike kwa baba na mama zao. Basi dada anayetoa sadaka nono huku msichana wake wa kazi hajalipwa mshahara, aketi na Yesu juu ya jambo hilo kwanza. Wazee wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika walisisitiza kutembea nuruni. Mtu akiguswa na Yesu, alikwenda kwa aliyemkosea akaungama, na alichoiba akakirudisha. Hawakuona kuwa unaweza kupatana na Bwana huku umekwepa kupatana na jirani.

Wiki hii nawapa kazi. Chagua jambo moja ambalo hujawahi kuliombea kwa sababu unaona aibu au unaliona dogo. Mwambie Yesu kama lilivyo, kwa Kiswahili cha nyumbani, au Kichaga, au Kiluo, lugha unayoitumia ukigombana. Halafu soma Yohana sura ya 11 taratibu. Katika mstari wa tano Yohana anaandika kwamba Yesu aliwapenda ndugu wale watatu wa Bethania, na anayetajwa wa kwanza ni Martha. Ukimaliza, nenda kwenye mazoezi ya kwaya. Wanakusubiri.

Ni mimi, dada yenu.