Kasuku wa Kufugwa na Homa ya Mapafu: Swali Lisiloulizwa

Mgonjwa anayefika zahanati akiwa na homa, maumivu makali ya kichwa, misuli kuuma na kikohozi kikavu hupimwa malaria kwanza, na ndivyo inavyopasa. Kipimo kikionyesha hana malaria, mara nyingi huandikiwa amoksisilini. Asipopata nafuu baada ya siku chache, hasa mahali kama Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika, lipo swali fupi la kuuliza: nyumbani mnafuga ndege gani?

Psitakosisi husababishwa na bakteria aitwaye Chlamydia psittaci. Kasuku humbeba bila kuonekana mgonjwa, na humtoa kwa vipindi kupitia kinyesi na majimaji ya puani. Msongamano, safari na majira ya kutaga huongeza utoaji huo. Kwa sababu hiyo anayezalisha kasuku yumo hatarini kuliko mwenye ndege mmoja tundumi: wazazi hutapika chakula wakiwalisha makinda, na maambukizi hupita humo humo. Binadamu huvuta vumbi la kinyesi kilichokauka, akaugua kwa kawaida baada ya siku 5 hadi 14. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huu ulienea katika nchi nyingi pamoja na kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini. Bata, bata mzinga na njiwa nao huweza kuambukiza.

Amoksisilini haifai hapa, kwani bakteria huyu huishi ndani ya seli na dawa za jamii ya penisilini hazimwondoi. Dawa ya kwanza ni doksisaiklini, kwa mtu mzima miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Mjamzito hupewa azithromaisini. Vipimo vya kuthibitisha havipatikani katika zahanati, basi historia ya mgonjwa ndiyo kipimo. Kikohozi kikizidi wiki mbili, kifua kikuu kichunguzwe pia.

Ugumu upo katika kuuliza. Kumkamata au kumiliki ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kasuku wa kijivu aliwekewa katazo la biashara ya kimataifa mwaka 2016. Mgonjwa asiye na kibali atanyamaza. Ni heri kumwambia waziwazi kwamba jibu lake ni la matibabu, kisha aulizwe: kuna ndege nyumbani, wapya, wagonjwa au waliokufa?

Kwako mfugaji: nyunyizia kinyesi maji kabla ya kukizoa, usifagie kikiwa kikavu. Funika pua na mdomo, nawa mikono kwa sabuni. Ndege mpya atengwe siku 30 angalau. Tundu lisikae chumba wanacholala watoto.