SOMO LA KAMERA: Jinsi ya Kupiga Picha Uso Ukaonekana



Baada ya mazishi ya shosho wetu, wengi mlituuliza kwa nini picha iliyowekwa juu ya jeneza lake haikuonyesha uso. Tunajibu bila kuficha, maana picha ile tuliipiga sisi wenyewe. Ilikuwa mwaka 2008 kule Mulanda, wilaya ya Tororo, katika kambi ya muda tuliyopokelewa baada ya kuvuka mpaka kwa Busia na Malaba, kabla ya kuletwa huku Kiryandongo. Shosho alisimama mbele ya turubai jeupe, saa saba mchana. Ukiitazama utaona turubai linang'aa, utaona kitenge na hata viatu vya kuazima. Mahali pa uso pana giza tupu. Picha nyingine yake hatuna, kwa sababu albamu ya nyumbani iliungua pamoja na nyumba mwanzoni mwa mwaka ule. Wajukuu waliozaliwa huku hawatajua alifanana vipi.

Ndiyo maana tumeomba nafasi ya somo hili. Sisi si mafundi wa studio. Kamera yetu ya kwanza ilikuwa ya mkanda, ya mitumba, tuliyoinunua sokoni Busia mwaka 2006 bila kitabu cha maelezo. Mkanda wa kwanza ulikuwa wa picha 36. Tulipomaliza tulifungua mgongo wa kamera ili tuone kama picha zimeingia, kabla ya kurudisha mkanda ndani ya kikopo chake. Mwanga ukaingia, zote 36 zikaharibika. Aliyekuwa akitusafishia picha alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatuonyesha namna ya kuzungusha kile kishikio kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yetu ya chuo!

Lakini kujifunza mwenyewe si aibu. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alianza na kamera kuukuu akiwa mvulana wa shule, akafungua kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia nzima kutoa msaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Sasa tuanze. Kamera ni nini? Ni chumba cha giza chenye tundu. Kama mabati ya nyumba yako yana tundu la msumari, tayari umeiona kazi yake: lile doa la duara sakafuni si umbo la tundu, ni picha ya jua lenyewe. Jua lilipopatwa tarehe 3 Novemba 2013, mtu aliyetazama madoa hayo angeyaona yamekuwa kama mwezi mchanga, kwa sababu jua lilikuwa limemegwa. Lenzi hufanya kazi ya tundu lile kwa uhodari zaidi, na nyuma yake hukaa mkanda, au katika simu, kipande kidogo kinachohisi mwanga. Kila kitu kingine katika upigaji picha ni kuuliza mwanga unatoka wapi na unaingia kiasi gani.

Hapo ndipo tulipokosea kwa shosho. Kamera haijui uso wala turubai. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kudhani kwamba, ukichanganywa, utakuwa wa wastani, si mweupe wala si mweusi. Ikikutana na turubai kubwa jeupe inasema, "Mwanga umezidi," inapunguza. Turubai linatokea vizuri, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Sindano ya kamera yetu ilitwambia kila kitu ni sawa, tukaiamini. Tena, msidhani kosa ni la ngozi zetu. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilikuwa zikipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley. Filamu zilitengenezwa kwa kufikiria ngozi ile. Kazi ya kuufikiria uso wetu imebaki mikononi mwetu.

Dawa ipo. Kwanza, usimsimamishe mtu mbele ya turubai jeupe, ukuta wa chokaa au mbingu. Tafuta nyuma yake kitu cha giza kidogo: mlango ulio wazi, mti wa mwembe, ukuta wa udongo. Pili, kwa wenye simu, gusa uso kwenye kioo kwa kidole kabla ya kupiga. Simu nyingi hapo hupima mwanga kwa ajili ya uso, na nyingine huonyesha kijua kidogo unachoweza kukisukuma juu ili picha ing'ae zaidi. Kwa wenye kamera za mkanda, kuna kanuni ya zamani isiyohitaji sindano: siku ya jua kali weka tundu la lenzi kwenye 16, na kasi iliyo karibu na namba ya filamu. Filamu ya 100, kasi ni 1/125. Mtu akiwa kivulini, fungua tundu hadi 5.6 au zaidi.

Tatu, na hili tunalipenda kuliko yote: mlango. Mketishe mama kwenye kigoda ndani ya nyumba, hatua moja kutoka mlangoni, uso ukitazama nje, na jua lisimfikie moja kwa moja. Wewe simama nje, pembeni kidogo ili usimzibie mwanga. Mwanga utaingia taratibu, utagusa shavu moja zaidi ya jingine, na macho yatakuwa na nuru. Nyuma yake kutakuwa giza la nyumba. Studio za mjini hulipia taa kupata kitu hicho hicho. Na lile turubai jeupe lililotuharibia picha sasa lina kazi: mtoto alishike upande wa shavu lenye giza, nje ya picha, lirudishe mwanga usoni. Shuka jeupe pia linafaa.

Je, saa ya kupiga? Tororo na Busia ziko chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, na huku Kiryandongo hatuko mbali nayo. Jua letu hupanda wima, digrii 15 kila saa. Wenzetu wa Ulaya wana jua la jioni refu, sisi tuna kama saa moja tu asubuhi na saa moja jioni. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua huchimba mashimo machoni mwa watu. Harusi nyingi hupigwa picha saa saba, na hatujui ni nani aliyeanzisha desturi hiyo. Kama huna budi, waingize chini ya mti.

Jambo jingine ni kusogea karibu. Tulirudi Tororo tukapiga picha za wenzetu waliobaki huko, tukitaka ule mwamba maarufu uonekane. Mwamba ulionekana, watu wakawa kama siafu. Ukitaka mtu na mwamba, mlete mtu karibu nawe, mwamba hautaondoka.

Na vitu vinavyokimbia? Nenda mahali penye boda boda. Jina hilo lilizaliwa hapo Busia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka boda hadi boda. Kwa kasi ya 1/500 baiskeli itasimama kabisa. Kwa 1/30, ukiifuata kwa kamera inavyopita, mwendeshaji ataonekana na barabara itakuwa michirizi. Usife moyo, kwetu iliharibika mara nyingi kabla ya kufaulu moja.

Lakini tuonyane hapa. Boda boda piga mjini, si mpakani. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha nchi mbili, na maofisa, askari, vizuizi na malori ya forodha si vitu vya kujifunzia. Utapoteza kamera, pengine na usiku mmoja. Hata humu kambini, omba ruhusa. Kuna jirani aliyekimbia watu wanaomtafuta mpaka leo, na picha yake ikisambazwa kwenye simu inaweza kumfikia asiyetakiwa. Akisema hapana, usimuulize sababu.

Picha ikishatoka vizuri, usiiache kwenye simu tu. Simu huibiwa, hudondoka majini. Chapisha moja, na nyuma yake andika kwa penseli jina kamili, mahali na tarehe. Baada ya mwaka 1994, watoto wa Rwanda waliopotezana na wazazi walitafutiwa jamaa kwa picha zao kubandikwa hadharani, na jamaa wengine waliwatambua hapo. Uso bila jina haufiki mbali.

Zoezi la mwezi huu: kila familia impige picha mtu mkubwa kuliko wote nyumbani, mlangoni, saa moja asubuhi au saa kumi na mbili jioni. Leteni Jumapili ya kwanza baada ya ibada, hata iliyoharibika. Tutakaa chini ya mwembe tuitazame pamoja, na ile ya shosho tutaileta pia.