Mabaki ya ndege mlimani: tunajifunza nini?

Vita vinapokwisha, vyuma vyake hubaki. Tunaviona kando ya barabara na katika mashamba: magari yaliyoungua, maganda ya risasi, mabomu ambayo hayakulipuka. Je, jamii ifanye nini na vitu hivyo? Katika somo hili tunaangalia mlima mmoja huko Uingereza, ambako watu hupanda kwa miguu kwenda kuona ndege ya kijeshi iliyoanguka zamani. Kisha tutarudi kwetu.

Ndege yenyewe

Tarehe 3 Novemba 1948, ndege ya jeshi la anga la Marekani aina ya B-29, iliyoitwa Over Exposed, iliruka kutoka kambi ya Scampton kwenda Burtonwood. Safari ilikuwa fupi. Ndani mlikuwa na barua na mishahara ya askari. Mawingu yalikuwa yamefunika milima, na ndege ikagonga mlima Bleaklow, kwenye kimo cha mita 600 hivi. Watu wote 13 walikufa. Hakuna adui aliyewapiga. Vita kuu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu kabla.

Kazi ya ndege hiyo ilikuwa kupiga picha. Mwaka 1946 ilipiga picha majaribio ya mabomu ya atomiki huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Wenyeji 167 wa Bikini waliondolewa kwao ili majaribio yafanyike. Nasi Wakongo tumo katika habari hiyo: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliozaa silaha hizo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Watu wanafanya nini pale?

Wengi huanza kutembea kwenye barabara ya Snake Pass. Njia inapita katika udongo mweusi wenye maji mengi, na ukungu unaweza kushuka ghafula. Juu wanakuta injini, magurudumu na vipande vya mabawa vimetawanyika chini. Jiwe la kumbukumbu liliwekwa mwaka 1988. Wageni huacha misalaba midogo ya mbao na maua mekundu ya karatasi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1986 inakataza kuchukua kitu chochote pale bila kibali.

Mambo matatu ya kushika

1. Tuwakumbuke watu, si vyuma tu. Chuma kikubwa huvuta macho, lakini kilichopotea ni watoto wa watu. Hata aliyevaa sare ana mama aliyemlilia.

2. Kumbukumbu ni mali ya wote. Kila mgeni akichukua kipande kimoja, wajukuu watakuta nyasi tupu. Basi kijiji kikubaliane: mahali gani patunzwe, na nani atawasimulia vijana yaliyotokea, bila kuchochea kisasi.

3. Tusiguse tusichokijua. Ndege ya Bleaklow ilibeba barua. Vyuma vya porini kwetu vinaweza kuwa na baruti hai, hata baada ya miaka mingi. Mtoto anayetafuta chuma cha kuuza anaweza kupoteza mkono au maisha. Ukiona kitu cha namna hiyo, simama. Usikiguse, usikitupie jiwe, usikichome moto. Rudi polepole kwa njia ileile uliyojia. Waonye wengine, kisha mwarifu chifu au wakuu wa eneo, ili wataalamu waitwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Ni mabaki gani ya vita yaliyo karibu nasi? Watoto wetu wanayajua?
- Tunapowasimulia vijana habari za vita, tunawataja wafu wa upande mmoja tu, au wa pande zote?
- Nani katika kijiji chetu atapokea habari mtu akiona bomu?

Kikundi kisiachane kabla ya kujibu swali la mwisho na kumteua mtu huyo. Jibu hilo linaweza kuokoa mtoto wiki hii.